Tupeane uzoefu: Nissan Leaf ya mtumba kwenye teksi mtandao, hesabu inakaa au haikai?

Mwenye Mada

Wakuu, salaam. Mada za gari la umeme huwa zinaharibika mapema: mmoja anasema umeme ni bure, mwingine anasema betri ikifa umekwisha, kurasa kumi zinapita hakuna namba. Hapa naomba kanuni moja tu. Stori za "shemeji yangu analo" tuziache pembeni, tulete vipimo, nyaya, bei na sababu. Gari la mfano liwe Nissan Leaf kutoka Japani, maana ndilo la umeme ambalo mtu wa kipato cha kati analikuta kwenye minada ya mtumba. Kazi ni teksi mtandao Dar.

Naanza na gharama ya kutembea.

Leaf kwenye foleni za Dar, kiyoyozi kikiwaka, weka kWh 15 (kWh moja ndiyo uniti moja ya umeme) kwa kilomita 100. Hizo ni za kwenye betri. Kwenye mita ongeza zinazopotelea kwenye chaja, asilimia 10 hadi 15, utapata kama uniti 17. Uniti ya T1, bei ya kawaida ya TANESCO, ni shilingi 292, ukiweka VAT 18% na tozo za REA 3% na EWURA 1% inakuwa 356. Kwa hiyo kilomita 100 ni kama 6,050, yaani shilingi 61 kwa kilomita.

Toyota IST ya petroli inayokula lita moja kwa kilomita 11, petroli tukiiweka 2,900, ni shilingi 264 kwa kilomita. Tofauti ni 203. Kwa kilomita 150 kwa siku, siku 26, hiyo ni karibu 790,000 kwa mwezi. Hapo ndipo watu wanapokimbilia kuagiza. Karibuni mziboe hizo namba.

Kipimo cha Betri

Namba zako sawa mkuu, ila hujasema Leaf ipi. Kuna ya kWh 24, ya 30, ya 40 (kuanzia mwishoni mwa 2017) na ya 62 (2019). Biashara yote imelala hapo.

Ya 24 ikiwa mpya inakupa kama 21 za kutumia. Ikishuka afya (uwezo uliobaki wa betri) hadi 70%, hali ya kawaida kwa gari la 2012 au 2013, zinabaki kama 15. Acha akiba ya 15% usije ukasukuma gari Ubungo, umebakiwa na kilomita 85 hivi. Teksi haifanyi kazi kwa kilomita 85. Ya 40 ikiwa na afya 85% inakupa kama kWh 31, ukitoa akiba unatembea kilomita 175 hadi 180. Hiyo inaingia kazini. Akiba ya mafuta inataka kilomita nyingi ndipo ilipe, na betri ndogo ndiyo isiyotoa kilomita nyingi. Ya 24 ni gari la mama kwenda ofisini na kurudi.

Kukagua kabla ya kulipa: dashibodi ina vipande 12 vya uwezo wa betri, upande wa kulia kabisa, vyembamba. Usivichanganye na vya chaji. Kipande cha kwanza kinapotea afya ikifika kama 85%, vinavyofuata kila kimoja ni kama 6%. Gari la 2011 lenye vipande vyote 12 lisikufurahishe, likutie shaka. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ikaonyesha 12, halafu baada ya wiki kadhaa za kuendesha vinaanza kudondoka.

Tumia programu ya simu ya LeafSpy na kifaa cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake. Angalia tofauti ya volti kati ya jozi 96 za seli. Gari limepumzika, tofauti ya mV 20 au 30 haina neno. Chaji ikiwa chini ya 20% na unakanyaga, tofauti ikizidi mV 100 kuna seli dhaifu, na hiyo moja ndiyo itakayolizima gari lote huku 95 bado zina nguvu. Kwa kuwa kumbukumbu inafutika, jaribio la uhakika ni kuchaji hadi 100%, kuendesha hadi 20%, kisha kuhesabu kWh zilizotoka. Ukinunua mnadani bila kuliona gari, omba picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Yadi ikikataa, achana nalo.

Tajiri wa Hesabu

Swali langu kwa Mwenye Mada: hiyo 790,000 ni ya nani?

Kwa mfumo wetu, dereva anajaza mafuta mwenyewe na kumletea tajiri, mwenye gari, hesabu ya siku. Ukimpa Leaf kwa hesabu ileile ya IST, akiba yote ya mafuta inaingia mfukoni mwake, na uchakavu wa betri unabaki kwako. Tena hana sababu ya kuitunza. Ataitembeza hadi taa ya kobe iwake (ile ya betri kukaribia kuisha), ataichaji mpaka 100% na kuiacha juani.

Mkataba unaokaa ni huu: gari linalala kwa tajiri, LUKU ni ya tajiri, hesabu inapanda. Dereva alikuwa anatumia kama 39,000 ya petroli kwa kilomita 150. Ukimwongezea hesabu 25,000 bado anabaki na 14,000 zaidi ya zamani, na wewe umeme wa kilomita hizo haufiki 9,500. Andikeni pia kwamba gari halishuki chini ya 15%, na kila jioni picha ya LeafSpy inatumwa WhatsApp. Dereva akikataa kulaza gari kwako, usimpe Leaf, mpe IST.

Mdau wa Aqua

Mnapigana na IST kwa sababu ni rahisi kuipiga. Wekeni Toyota Aqua.

Aqua mjini inakupa kilomita 18 kwa lita bila kubembelezwa. Kwa 2,900 ni shilingi 161 kwa kilomita. Tofauti yake na Leaf ni 100, siyo 203.

Sasa tengeni pesa ya betri. Tuseme, kwa mfano tu, betri ya mtumba ya kWh 40 hadi ifungwe imekugharimu milioni 12 na itakupa kilomita 120,000 za kazi. Hiyo ni shilingi 100 kwa kilomita. Faida yote juu ya Aqua imekwenda. Kinachobaki ni oili na filta ambazo Leaf haihitaji, labda shilingi 25 kwa kilomita, kama 97,000 kwa mwezi. Na betri ya Aqua ina moduli 20 tu za nikeli, volti 144, mafundi wengi wa Dar wanaifungua na kubadilisha moduli mbovu. Betri ya Leaf iko chini ya sakafu ya gari zima, ina uzito unaokaribia kilo 300, huifungui chini ya mwembe.

Kipimo cha Betri

Hoja ya Aqua naikubali, na ndiyo maana ya 24 naikataa kabisa kwa biashara. Ila tuwe wakweli pande zote. Aqua iliyotembea 150,000 nayo inadai betri, kisha feni yake iliyoko kwenye kiti cha nyuma inaziba vumbi na kuiua mapema. Wekeni shilingi zake kwa kilomita pia.

Na betri ya Leaf ikichoka haifi siku moja. Inashuka kutoka kilomita 180 kwenda 150, 130. Gari linaweza kuhama kutoka teksi kwenda matumizi ya nyumbani na kuuzwa likiwa linatembea. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, inategemea hewa tu, kwa hiyo joto la Dar ni adui wa kweli. Namna ya kupunguza: weka saa ya kuchaji imalizike karibu na alfajiri badala ya saa tano usiku, usiiache 100% ikakaa, na usipige chaji ya haraka mara mbili au tatu kwa siku moja. Kwenye ya 40, chaji ya haraka ya pili betri ikiwa ya moto inashuka kasi sana, unaweza kukaa saa nzima.

Fundi Nyaya

Nyumbani ndiko wengi wanakoharibu, tena siyo gari, ni nyumba.

Chaja yenyewe iko ndani ya gari. Ule mkebe ulio kwenye waya ni swichi ya usalama inayoongea na gari. Leaf nyingi za soko la Japani zina chaja ya kW 3 tu, ya kW 6 ilikuwa nyongeza ya hiari. Kwa kW 3 betri ya 40 iliyokaribia kuisha inachukua saa 13 na zaidi. Kwa teksi hiyo haiwezekani, usiku hautoshi. Ulizeni kabla ya kununua. Ya kW 6 inajaza kwa saa saba au nane, na saa mbili za mchana zinakuongezea kama kilomita 70.

Waya uliokuja na gari umetengenezwa kwa volti 200 za Japani. Nunueni ulioandikwa 220–240.

Soketi ya kawaida ya 13A haikutengenezwa kubeba 13A saa nane mfululizo. Kinachotokea: mguso wa ndani unalegea, unapata joto, plastiki inakuwa kahawia, halafu inayeyuka pale kwenye pini ya fyuzi. Kama huna njia nyingine, shusha mkondo hadi 10A na ushike plagi baada ya nusu saa. Ikikuunguza vidole, chomoa. Na kamwe usitumie ekstensheni iliyokunjwa kwenye roli.

Njia sahihi ni laini yake peke yake kutoka kwenye bodi. Kwa 16A, waya wa mm² 4, breka ya 20A na plagi ya bluu ya viwandani. Kwa 32A, waya wa mm² 6, na ukizidi mita 25 au 30 panda hadi 10. RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya mA 30, aina A na siyo AC, kwa sababu gari linaweza kuvujisha mkondo wa DC unaoifanya aina AC isiamke. Fimbo ya ethi ipimwe, siyo ichomekwe tu ukutani kwa sura. Ethi ikiwa mbovu gari lenyewe linakataa kuchaji, na watu wanasema "chaja imekufa".

Mtaani kwenu jioni umeme ukishuka hadi 190, kuchaji kunakuwa polepole au kunakatika, kwa hiyo subiri saa nne usiku. Umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kuja na kishindo. Weka kinga ya volti, lakini iwe ya 30A au zaidi. Ile ya friji itaungua usiku wa kwanza.

Jambo la mita: aliye kwenye D1, bei ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, analipa bei ndogo kwa uniti 75 za mwanzo kwa mwezi. Gari linakula uniti 75 kwa kilomita 440, yaani siku tatu za kazi. Utahamishiwa T1, kwa hiyo usipige hesabu kwa bei ya D1.

Mdau wa Nairobi

Huku kwetu mambo mawili ni tofauti. Kenya Power ina bei maalum ya magari ya umeme tangu 2023: KSh 16 kwa uniti, na KSh 8 saa za usiku mzigo ukiwa mdogo, kabla ya tozo. Unahitaji mita yake peke yake. La pili, gari la mtumba haliruhusiwi kuzidi miaka minane, kwa hiyo Leaf za 2011 tayari zimetoka sokoni zenyewe. Na baridi ya Nairobi inaipa betri umri ambao Mombasa haiwezi.

Lakini msiseme hakuna aliyejaribu. NopeaRide walianza teksi za Leaf hapa 2018 wakiwa na vituo vyao vya kuchajia. Zilisimama 2022 baada ya kampuni mama huko Finland kufilisika. Magari yalikuwa yanatembea. Mwenye mtaji wa nje akiondoka, vituo navyo vinazima, na dereva hana pengine pa kuchaji. Kama mpango wako unategemea chaja za kampuni moja, hilo ndilo la kuuliza kwanza.

Mwenye Mada

Kuna mtu ameniuliza pembeni kuhusu kufungua kituo cha chaji ya haraka. Mwenye hesabu?

Kilowati

Chaja ya kW 60 inavuta kama kVA 65 (kipimo cha mzigo TANESCO wanachotozea wateja wakubwa). Ukitumia chini ya uniti 7,500 kwa mwezi unabaki T1, 292 kwa uniti. Ukizidi unaingia T2: uniti 195, ila unalipa 15,004 kwa kila kVA ya kilele na 14,233 ya huduma. Kilele hicho unalipia hata kama umekifikia mara moja tu katika mwezi. Kwa kVA 65 ni kama 989,500 kabla hujauza uniti hata moja.

Maana yake, ukiuza uniti 8,000 uniti moja inakugharimu kama 319, ghali kuliko T1. Unafidia ukifika kama uniti 10,200. Kwa uniti 25 kwa gari, ni magari 14 kila siku, Jumapili pamoja. Zote hizo kabla ya kodi.

Halafu plagi. Ya chaji ya haraka kwenye Leaf ni CHAdeMO, magari mapya ya Kichina mengi yanakuja na GB/T, ya Ulaya ni CCS2. Ukinunua chaja ya plagi moja umechagua wateja wako kabla hawajafika. Mwenye mtaji mdogo aweke nguzo mbili za chaji ya kawaida (AC) za kW 7 pale madereva wanapopumzika mchana, wauziwe na chakula. Hiyo haikupeleki T2.

Tajiri wa Hesabu

Na masika? Pale Jangwani, Dar, pakijaa maji dereva hataniuliza, atapita.

Fundi Nyaya

Boksi la betri limezibwa, madimbwi ya kawaida hayalisumbui. Maji yakifika usawa wa kizingiti cha mlango, asipite. Likizama, msiliwashe na msilichaji. Volti ndani ni karibu 400. Fundi avae glavu za volti 1,000, achomoe waya wa betri ndogo ya 12V, atoe plagi ya usalama ya betri kubwa, asubiri dakika kumi kapasita (zinazohifadhi umeme) zishuke, ndipo aguse chochote. Hata waosha magari waambieni: mashine ya presha isielekezwe kwenye nyaya za rangi ya chungwa, ndizo za volti kubwa.

Na hiyo betri ndogo ya 12V msiisahau. Ikifa, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa, na madereva wengi wanalivuta hadi gereji kwa kitu ambacho waya wa kuboosti ungemaliza.