Arobaini ya mama ni Jumapili, sitaki asomwe tena kama cheti. Nifanyeje?

BintiChumbageni:
Wakuu, salaam. Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, mjomba alisoma wasifu: kazaliwa 1958 Pangani, kamaliza darasa la saba, kaolewa, kajaaliwa watoto wanne, kaugua, kafariki. Dakika mbili, kwisha. Nikajiuliza, huyu ndiye nani? Mama yangu alikuwa anapiga kila siku saa tatu usiku, salamu hana, ni "umekula nini?" Ukisema chipsi anakata, halafu anapiga tena anacheka. Yapo mambo nilimwambia yeye tu, hata mume wangu hayajui.

Sasa mama wadogo wanataka nguo zigawiwe siku hiyohiyo ya hitima, sanduku zima. Naona kama ndiyo anaondoka kabisa.

Mzee wa Makorora:
Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu. Hitima iacheni iwe ya dua na pilau. Ukianza hotuba mtalia tu, na maalim ana hitima nyingine saa tisa. Ngoja jioni, wageni wakishaondoka, mmebaki wenyewe na kahawa. Hapo ndipo watu husema.

MamaZai:
Kanga usizigombee. Zitandaze moja moja kabla hazijagawiwa, piga picha jina lisomeke, umuulize mama mdogo hii aliinunua lini, na alimvalia nani (maana hatuvai bure). Ya marehemu mama yangu ilikuwepo moja, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, pindo limechanika. Kumbe aliivaa miaka sita aliyokuwa anahangaika kupata mtoto. Mtoto mwenyewe ndiyo mie. Doti moja omba, hakuna atakayekunyima.

fundi_simu:
Sauti zake za WhatsApp zitoe leo, uziweke sehemu mbili. Laini isipotumika hufungwa, baadaye namba anapewa mtu mwingine. Nilimpigia marehemu mzee wangu baada ya mwaka, sijui nilitegemea nini, akapokea kijana: "Nani mwenzangu?" Nikakosa la kusema.

Mwalimu Mstaafu:
Usiulize "mama alikuwaje", utaambiwa mpole, mcha Mungu. Uliza mligombana kwa nini. Na anza na shoga zake, ndugu baadaye.

BintiChumbageni:
Ahsanteni. Jana nimekwenda kwa shoga yake wa mchezo (ule wa kuchangiana pesa, kila mtu na zamu yake), nikauliza hilo la ugomvi. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kumbe mwaka niliokwenda bweni mama alichukua zamu ya mwenziwe ya mchezo bila kuaga, ninunuliwe godoro. Miezi miwili hawakusemezana. Ila vitumbua, anasema, vilikuja kila asubuhi, mtoto anaweka sahani mlangoni anakimbia.

Godoro nalikumbuka, la maua mekundu. Nilidhani kanunua baba.

Kanga nimeshapiga picha 11, bado zilizo chini ya sanduku.