Kubeba watoto wawili kwenye baiskeli hapa Tanga: nifunge kiti, nichongeshe toroli au nitafute guta?

MamaHidaya_Mikanjuni
Wana Tanga wenzangu habari za jioni, naombeni ushauri wa kweli maana nimewaza peke yangu nimechoka. Nina watoto wawili, binti ana miaka minne na nusu yuko chekechea Chumbageni, mdogo wake wa kiume anakaribia miwili huyu namwacha kwa bibi yake Ngamiani barabara ya nane, alaf ndo naenda kazini. Natokea Mikanjuni. Bodaboda kila siku kwenda na kurudi hela hiyo sina, na kumpakia mtoto wa miaka miwili kwenye pikipiki roho yangu haitulii kabisa. Baiskeli ninayo, ya kike, mtumba wa Japani, ina kikapu mbele na keria nyuma.

Mpaka wiki iliyopita nilikua nabeba hivi, mdogo mgongoni nimemfunga khanga, mkubwa kwenye keria nimemkunjia shuka akalie. Sasa tunakata kona karibu na Mkwakwani kumbe mtoto kasinzia, mguu ukaingia kwenye spoki. Kisigino kikachunika vibaya. Hospitali wakasafisha, wakapiga picha, mfupa mzima alhamdulillah, ila kile kilio mpaka leo nikishika usukani nakisikia.

Baba yao anasema baiskeli basi. Mimi sitaki kuacha jamani, mji wetu huu tambarare, mama yangu alinibeba mimi kwenye baiskeli na yeye alibebwa na babu. Nataka tu nibebe vizuri. Mmoja kaniambia kiti cha plastiki, mwingine toroli la kuvuta nyuma, mwingine guta la kukanyaga, lile la mizigo la magurudumu matatu. Nani ametumia? Na nyie mnaoendesha na dera mnafanyaje lisiingie kwenye gurudumu?

Fundi_wa_Ngamiani
Pole sana dada, na binti mpe pole. Hiyo ajali ya kisigino ndo ninayoiona sana kwa watoto wanaobebwa kwenye baiskeli, mguu na spoki, nimeshakata spoki mara nyingi kuutoa mguu wa mtoto na kila mara mzazi anasema alimwambia atanue miguu. Mtoto wa miaka minne hawezi kutanua miguu njia nzima, anachoka, anasinzia, mguu unaning'inia unarudi ndani. Kwa hiyo ziba gurudumu. Chukua dumu la lita 20 lililoisha, kata ile plastiki upate vipande viwili vipana, toboa matundu pembeni, funga kwa waya uliovishwa plastiki kila upande wa gurudumu la nyuma kuanzia kwenye keria mpaka usawa wa ekseli. Hiyo hiyo itazuia na dera lako. Alaf uchomelewe kikanyagio kila upande, mguu ukipata pa kukaa hautafuti pengine.

Pili geuza baiskeli angalia chuma cha keria. Za Japani nyingi zimegongwa namba, 18 au 25 au 27, hizo ni kilo. Ukikuta 18 usifunge kiti cha mtoto, hiyo ni ya begi. Tafuta 27.

Mgongoni acha dada yangu. Ukianguka unamwangukia, na uzito ukiwa juu vile baiskeli inayumba hata kama wewe huoni.

Guta sikushauri. Magurudumu matatu hayalali kwenye kona kama baiskeli, ukikata kwa kasi la ndani linanyanyuka. Toroli pia hapana, liko chini sana, dereva wa lori la saruji anaetoka Pongwe hakuoni.

BabaWanne_Sahare
Fundi nakuheshimu ila guta usilitupe hivyo. Mimi nina la kukanyaga mwaka wa pili huu, sanduku liko mbele, nabeba watoto watatu na madumu ya maji, na sijawahi kulipindua kwa sababu kwenye kona natembea pole pole kama nimebeba mayai. Wadanishi wanatengeneza za namna hiyo tangu 1984, zinaitwa Christiania, sanduku mbele watoto ndani, kwa hiyo sio wazo la mtaani tu. Uzuri wake ukisimama limesimama, hakuna cha kuanguka, na watoto unawaona mbele ya macho yako. Ubaya ni kweli mzito, upepo wa kusi ukivuma unakanyaga hujui kama unaenda, na kwenye mchanga wa huku kwetu nashuka nasukuma. Mama mwenye haraka ya kazini na njia ya Mikanjuni mpaka mjini sijui kama ataliweza kila siku. Mimi ni wa jumapili.

Ila dada huyo binti wa miaka minne na nusu anza kumfundisha yake. Tafuta kibaiskeli kidogo, ng'oa pedeli zote mbili, shusha siti mpaka nyayo ziguse chini, mwache ajisukume kwa miguu. Ndo baiskeli ilivyoanza hata, ile ya Karl Drais kule Ujerumani mwaka 1817 haikua na pedeli. Wangu wa tatu alipata balansi hivyo, siku narudisha pedeli akapanda akaondoka.

BintiTangasisi_Uholanzi
Shikamooni wakubwa, dada pole mno. Mimi naishi Uholanzi na nina wawili pia, naendesha nao kila siku. Huku watu wanazo zile ndefu za sanduku mbele, bakfiets, nzuri kweli lakini bei yake unanunua bodaboda Tanga, usiumize kichwa. Wengi huku bado ni baiskeli ya kawaida na viti, cha mbele kati ya mama na usukani mwisho kilo 15, cha nyuma mwisho kilo 22, mkanda wa mabegani na kisanduku cha miguu. Na baiskeli nyingi za kike zina kitambaa au plastiki inayoziba nusu ya juu ya gurudumu la nyuma, ilianza kwa ajili ya magauni na makoti, kwa hiyo la dera fundi kasema kweli tupu.

Ninachoongeza ni stendi. Mimi kuanguka na watoto nimeanguka mara moja tu na baiskeli ilikua imesimama, stendi ya mguu mmoja, nimegeuka kuchukua begi. Weka stendi ya miguu miwili iliyotanuka na mkono usitoke kwenye baiskeli mtoto akiwa juu.

Na hiyo yako usiifungie viti viwili. Japani wenyewe waliruhusu kubeba watoto wawili mwaka 2009 kwa baiskeli zilizotengenezwa maalum tu, fremu nene, magurudumu madogo, stendi pana. Zinakuja kwenye mitumba pia, ukiona yenye kiti tayari na gurudumu la inchi 20 isikupite.

MamaHidaya_Mikanjuni
Asanteni sana wote, nimesoma mpaka machozi. Nimetoka na tochi ya simu kuangalia keria: 18. Yaani muda wote huo nilikua nambebesha mtoto keria ya begi.

Nimemsomea baba yao maneno ya fundi, kanyamaza, alaf akauliza baiskeli yake ya Phoenix inafungika kiti? Maana yeye anapita Ngamiani kwenda kazini, amchukue mdogo mimi nibaki na mkubwa.

Fundi_wa_Ngamiani
Inafungika, ila breki za vyuma zile zikilowa hazishiki vizuri, kwa hiyo nibadilishe raba kwanza na masika asiende mbio. Njooni nazo zote mbili, na dumu mje nalo, na binti aje tupime urefu wa mguu wake kabla sijachomelea vikanyagio.