Tupeane uzoefu: gatini na ufuoni jua likizama, hapa kwetu Ziwa Victoria

Wadau wa Kisumu, Homa Bay, Mbita, Siaya, Busia na nyinyi wa Nakuru mnaokuja wikendi, tupeane uzoefu. Wewe huenda wapi kutazama jua likizama ziwani na huwa unaona nini? Naanza mimi.

Mimi ni wa Dunga, hapa Kisumu. Nikitoka kazini nashika boda, saa kumi na mbili hivi nishafika, napita ile njia ya mbao kando ya mafunjo nasimama mwisho kabisa. Watu wengi wanakuja wanapiga picha, jua likishagusa maji wanageuka kwenda kuagiza samaki aina ya ngege, na hapo kwa maoni yangu ndio wanakosa uhondo wenyewe. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua linashuka wima, mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja hivi, na giza halingoji mtu. Zile dakika chache za kati ndio rangi zinakolea na ndio wavuvi wa omena, wale dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa, wanatoka. Juzi nilikuwa karibu na kijana anapangusa kioo cha taa kwa kona ya shati, anaiwasha anaizima, anaiwasha tena, mwenzake amekaa ndani ya mashua anapanga ule wavu wa matundu madogo mkunjo kwa mkunjo, hakuna anayeongea na mtu. Wewe unafunga siku, wao ndio wanafungua yao. Kaeni kidogo jamani, msikimbie.

Wa Mbita: Mleta mada umesema kweli lakini Dunga mnaona nusu tu. Nyinyi mko ndani ya ghuba, milima iko pande zote. Njoo huku Mbita usimame pale feri ya Luanda Kotieno inapotia nanga, halafu vuka daraja uingie Rusinga upande unaotazama ziwa kuu, hapo jua linaingia kwenye maji matupu. Zamani hapo kwa daraja palikuwa na tuta limeziba maji, wavuvi wakalalamika miaka na miaka, sasa maji yanapita. Usiku taa za omena zinajaa ziwani mpaka mgeni anauliza ule ni mji gani. Ila angalieni mwezi kwanza, ukiwa mpevu hamtaona kitu, omena hawafuati taa kukiwa na mwanga mwingi kwa hivyo wengi hawatoki.

Wa Kendu Bay: Gati letu limenilea. Baba mkubwa alikuwa anatusimulia enzi za meli kutoka Kisumu, watu na magunia na kuku, meli ikipiga honi soko lote linahamia gatini. Mimi nilichokikuta ni gugu maji, miaka ya 90 lilitanda ghubani mpaka mashua hazipiti, na hata leo upepo ukigeuka unalileta. Jioni jua likipita juu ya lile gugu lenye maua ya zambarau ni kuzuri, siwezi kusema uongo, lakini roho inauma kwa sababu najua chini yake nyavu zimenasa.

Wa Nakuru: Sisi tulileta watoto Hippo Point ya Kisumu. Wazazi wenzangu, jioni ndio saa ya viboko kutoka majini kwenda malishoni, mtoto asishuke kwa nyasi za ukingoni hata kama wenyeji wanapita. Na boti usipande bila laifujaketi ya kila mtu. Mwenye boti mmoja alituambia maji yametulia hazihitajiki, nikashusha watoto wote, tukatafuta mwingine. Jua tulilitazama vizuri tu.

Wa Milimani, Kisumu: Mimi langu ni bandari yenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa 1901, pakaitwa Port Florence, na mji wote ukajengwa kufuata reli na maghala, ndio maana mpaka leo Kisumu imelipa ziwa mgongo. Bandarini ni mahali pa kazi, huingii hivi hivi, lakini ukipata mahali ukaona MV Uhuru imeegeshwa na jua liko nyuma yake utanielewa. Ile meli inabeba mabehewa ya treni yakiwa mazima, ilikaa miaka bila kazi na 2019 ikarudi majini. Ningependa siku moja sehemu ya gati la zamani ifunguliwe jioni, mama muuza njugu na mtoto wa shule waingie bure wakae.

Mleta mada: Hapo kwa gati kufunguliwa niko na wewe mia kwa mia, mji wa ziwa mtu asilazimike kununua soda ndio aone maji. Wa Usenge na Port Victoria mbona mmenyamaza? Semeni matatu ya mwisho kurudi inaondoka saa ngapi, nataka kuja mwezi ukiwa mchanga.