Je, "sisi" ya Kiswahili inamhesabu anayeambiwa?

Mkalimani, Eastleigh:
Hamjambo wanajukwaa. Ninatafsiri matangazo ya mikutano ya wakazi kutoka Kiswahili kwenda Kisomali, na kila mara hukwama kwenye "sisi". Kisomali kina viwakilishi viwili: "innaga", kinachomjumuisha anayeambiwa, na "annaga", kinachomwacha nje. Basi tangazo linaposema "tutazibua mitaro Jumamosi", siwezi kulitafsiri kabla ya kujua kama msomaji naye anatarajiwa kufika na jembe. Je, Kisomali kiko peke yake katika jambo hili? Na je, Kiswahili hakina njia yoyote ya kulionyesha?

Mwalimu wa isimu, Ngara:
Ndugu mkalimani, hakiko peke yake hata kidogo. Kifulani kina "en" na "min", Kimalagasi kina "isika" na "izahay", na kuhusu Kikechua cha Andes, padri Mhispania Domingo de Santo Tomás alikwisha kuieleza tofauti hiyo katika sarufi iliyochapishwa mwaka 1560. Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika sala. Sisi husema "Baba yetu uliye mbinguni" bila kulazimika kuamua lolote, lakini Mfilipino husema "Ama namin" na Mwindonesia "Bapa kami", wote wakitumia umbo la kutenga, kwa kuwa anayeambiwa ni Mungu mwenyewe, na kumjumuisha kungekuwa kusema kwamba naye ni mwana wa Baba huyo.

Mhariri, South B:
Nakubaliana na mwalimu, ila naomba nikitetee Kiswahili. Mtoto akimwuliza mamaye, "Twende?", huenda anaomba ruhusa ya kwenda na wenzake, mama akibaki, lakini anayesema "Twendeni!" amekwisha kuwahesabu wote anaowaambia, tena ametujulisha kwamba ni zaidi ya mmoja. Kiambishi hicho "-ni" kinafanya kazi ambayo "sisi" haiwezi. Waombe waandaaji waandike "tuzibueni mitaro", nawe utatumia "innaga" bila wasiwasi.

Mwalimu wa isimu, Ngara:
Hoja nzuri sana, Mhariri, na ni jambo ambalo vitabu vyetu vya sarufi vingepaswa kulipa nafasi kubwa zaidi. Tukumbuke tu kwamba "-ni" hiyo hukaa katika wito, si katika taarifa: hatusemi "tutazibuani". Tangazo likiwa la taarifa, hapana budi mwandishi aseme waziwazi "sisi wanakamati" au "sisi pamoja nanyi".