Naomba ushauri: kiwanja kwenye mteremko mkali Mwanza

Habari zenu wakuu. Nimeonyeshwa kiwanja Mabatini, juu kabisa mlimani. Bei ni nafuu, ila mteremko ni mkali na jirani wa juu anapasua mawe kwa kuyachoma moto. Jiwe moja limebaki limeegemea kokoto tu, na chini yake kuna nyumba yenye watoto. Hilo linaninyima usingizi kuliko bei.

Muuzaji ana karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja miteremko inayozidi kiwango kitakachowekwa na waziri kuwa ardhi hatarishi.

Mliojenga milimani, maafisa ardhi wanapimaje mteremko kabla ya kibali? Ukuta wa kuzuia udongo anauchora fundi, au lazima mhandisi? Na hati inapatikana kweli?