Naomba ushauri: nimweleze mwombaji kwa nini amekosa kazi?

Mdau Kimya: Wakuu, nilikuwa kwenye jopo la usaili, na mmoja wa waliokosa nafasi ameniandikia kwa heshima akiuliza alipungukiwa wapi. Ofisi yetu haikatazi kujibu, wala haina utaratibu wa kujibu. Nimjibu, au ninyamaze kama wanavyofanya wengi? Jambo hili linanikosesha raha.

Bi Shamsa: Mjibu, mwanangu. Mimi niliwahi kungojea maelezo ya namna hiyo hadi nikaajiriwa kwingine, na mpaka leo sijui kama waliyakataa makaratasi yangu au mdomo wangu.

Kalamu Kavu: Usijibu, kwa sababu kila sentensi itasomwa na wakili wake. Ingawa ukimya nao si ngome kila mahali: katika Umoja wa Ulaya, kifungu cha 15 cha kanuni ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, kinampa mtu haki ya kupata nakala ya taarifa zinazomhusu, na yale wasaili waliyoyaandika juu yake huweza kuwa miongoni mwake.

Mpiga Ramli: Mkuu, alama zake zilikuwaje? Hapo umeruka.

Mdau Kimya: Aliongoza. Aliyeajiriwa alikuwa wa tatu, na jina lake lilikwisha kupitishwa kabla ya usaili, ila mwamuzi sikuwa mimi. Nimeshaandaa rasimu isemayo kwamba uzoefu wake haukutosheleza. Ni maneno ya kawaida yasiyomuumiza mtu.

Bi Shamsa: Yasiyomuumiza? Atapoteza ada na miaka akitafuta uzoefu alio nao tayari!

Kalamu Kavu: Ngojeni kwanza. Barua hizi kwa kawaida huandikwa na idara ya rasilimali watu, na jina hilihili lilikuwa humu juzijuzi likiuliza namna ya kukata rufaa baada ya kukosa kazi. Nashuku kwamba aliyeongoza ni wewe, na hiyo unayoiita rasimu ndiyo barua uliyoipokea.

Mdau Kimya: Rufaa ile niliiulizia kwa niaba ya mtu. Barua yangu inaondoka kesho.

Bi Shamsa: Basi ifute hiyo habari ya uzoefu, uandike kwamba usaili aliufanya vizuri na kwamba uamuzi haukutokana na alama zake.

Mpiga Ramli: Na kama mwombaji ndiye yeye, Bi Shamsa, barua hiyo tumwandikie sisi?