Naomba ushauri: chumba cha sala kwa wanafunzi wasio Wakristo, chuo ni cha kanisa

Mlezi_wa_Wanafunzi
Wakuu, habari za muda huu. Niko ofisi ya mlezi wa wanafunzi kwenye chuo cha kanisa. Tuna Waislamu kama 40. Nimepata chumba cha mita 4 kwa 5 na fungu dogo la zulia. Swali langu ni moja tu: kinatosha? Kwa sasa wanatawadhia kwenye masinki ya korido, mguu mmoja umepandishwa juu ya sinki, maji yanatiririka mpaka mlango wa darasa. Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu, tafadhali.

Fundi_Mabomba
Zulia baadaye, anza na maji. Jenga kiti cha zege cha kimo cha sentimita 40, bomba mbele yake, na mfereji sakafuni wenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Mteremko ukikosekana maji yanatuama, vigae vinateleza, mtu anavunjika nyonga. Bomba 3 zinatosha, hawafiki wote kwa pamoja.

Safu_Sawa
Anayesujudu anahitaji sentimita 60 kwa 120. Hapo unapata safu 4 za watu 6. Toa nafasi ya viatu na pazia la upande wa wanawake, wanabaki 20. Adhuhuri na Alasiri wapishane kwa zamu, muda wake ni mrefu. Inayobana ni Magharibi, kwa hiyo kipindi cha jioni kiwe na mapumziko ya dakika 15. Ijumaa mchana ni sala moja ya jamaa, wote pamoja, yenye khutba, waachieni ukumbi. Kibla usipime ndani kwa dira ya simu, nondo za ukuta zinaivuruga. Pima uwanjani, halafu uhamishie mstari ndani.

Msabato_Hai
Mbona Wakristo wa madhehebu mengine hawatajwi? Msabato hafanyi mtihani tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame Jumamosi. Mtungieni karatasi nyingine yenye uzito uleule, afanye Jumapili. Na ratiba ya mwaka jana msiinakili: Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na Idi inasubiri mwezi uandame, hivyo acheni siku mbili wazi.

Dhamiri
Mlezi, hao wamevumilia korido muda wote huo. Jumatatu kuna nini?

Mlezi_wa_Wanafunzi
Mitihani inaanza. Sawa, niseme. Ibada ya Jumatano ni ya lazima, kuna daftari la kusaini, na asiyefikisha asilimia 75 hapewi kadi ya mtihani. Watatu wamezuiwa. Wenzao wameandika barua. Uongozi umekubali kutoa chumba, nao waiondoe barua. Tangazo limeshachapwa. Lakini jamani, masharti yalikuwemo kwenye fomu ya kujiunga na walisaini wenyewe. Ibada ni dakika 40, na hakuna anayelazimishwa kupiga magoti.

Dhamiri
Kwa hiyo chumba mnakitoa ili wanyamaze. Sahihi ya kwenye fomu inamfunga mtu kwenye nidhamu ya chuo, haimfanyi aabudu. Kama chuo ni cha Kikatoliki, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 1965 kuhusu uhuru wa dini linasema mtu asishurutishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Georgetown, chuo cha Wajesuiti huko Marekani, kiliajiri imamu wa kudumu mwaka 1999, na hadi leo ni cha Kikatoliki.

Jicho_Kali
Samahanini, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mwanzo swali lilikuwa moja tu la chumba, sasa kuna barua, waliozuiwa, tangazo. Huyu ni mmoja wa wale watatu, anataka tumtungie hoja.

Mlezi_wa_Wanafunzi
Si chai, mkuu. Ningekuwa mwanafunzi nisingeitetea fomu. Tangazo liko mezani kwangu, halijabandikwa, na sehemu ya sahihi yangu bado iko wazi. Ndiyo maana sijalala.

Safu_Sawa
Awe mlezi au mwanafunzi, kazi ni ileile. Asiye Mkristo apewe kipindi cha maadili Jumatano saa ileile, daftari lake na asilimia ileile. Kikigeuzwa mapumziko, hata Wakristo watahamia huko. Maombi ya kuhamia kipindi hicho yapokelewe wiki mbili za kwanza za muhula, majibu yatoke kwa maandishi. Barua ijibiwe kwa barua, chumba kisihusishwe nayo. Ila kadi hizo tatu zitoke leo.

Mlezi_wa_Wanafunzi
Kadi zimetoka saa tisa alasiri. Tangazo sikulisaini, kesho naitwa kujieleza. Kibla nimepima uwanjani: mstari unakata chumba mshazari, pembe hadi pembe. Safu 4 haziingii.

Safu_Sawa
Za pembeni zitakuwa fupi, hesabu watu 16 hadi 18. Usikate zulia bado. Bandika utepe wa rangi sakafuni kufuata mstari wa kibla, waite wanafunzi wawili wasujudu kwenye kila pembe, uone kichwa kinaishia wapi.